Kupiganisha Mbwa, na Ghadhabu ya Mizani Mbili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, wanenao na wasionena. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu limekuwa likiulizwa suali moja, na kila linapoulizwa huulizwa kwa kicheko na kwa hasira pamoja. Husemwa: Vipi watu wa Marekani humlilia mbwa aliyeraruliwa na mbwa mwenziwe, na wala hawamlilii mwanadamu aliyetishwa kwa mbwa na askari wao wenyewe? Na ikiwa hao ndio wanaotaka kutufunza huruma, je, si haki yetu kuwacheka na kuwaambia wanyamaze?

Suali hili halifai kujibiwa kwa neno moja. Ndani yake mna haki na mna batili, nazo zimechanganyika kama mchele na chuya. Basi twapenda kuzipepeta, inshallah, ili kila mmoja wetu ajue lipi la kuchukua na lipi la kutupa.

Khabari yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2007, askari wa jimbo la Virginia waliipekua nyumba moja katika wilaya ya Surry. Walikwenda kutafuta madawa ya kulevya. Wakakuta mbwa zaidi ya 50, wengi wao wana makovu, na vyombo vya kuwafunzia kupigana. Nyumba ilikuwa mali ya Michael Vick, kijana mweusi, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, aliyekuwa akilipwa mamilioni ya dola na timu ya Atlanta. Yeye na wenziwe walikuwa wakiwapiganisha mbwa kwa kamari. Watu huwatia mbwa wawili katika uwanja mdogo uliozungushiwa ubao, wakawaacha waumane mpaka mmoja ashindwe au afe, na fedha hupita mikononi mwa watazamaji. Mwezi wa Agosti mwaka huo Vick alikiri kosa mbele ya mahakama. Katika karatasi alizozitilia sahihi mna ya kwamba mbwa walioonekana hawana ukali wa kutosha waliuawa, wengine kwa kunyongwa na wengine kwa kuzamishwa majini. Tarehe 10 Disemba 2007 alihukumiwa kifungo cha miezi 23, na akatozwa zaidi ya dola 900,000 za kuwatunza mbwa waliosalia.

Nchi nzima ilighadhibika. Watu walisimama nje ya mahakama na mabango, kampuni zilizokuwa zikimlipa kwa kutangaza bidhaa zao zikamtupa, na magazeti hayakuwa na neno jingine. Tarehe 19 Julai 2007, mzee Robert Byrd, mjumbe wa Seneti kutoka West Virginia, alisimama katika baraza lao akalaani tendo lile kwa sauti ya kutetemeka, akaliita la kishenzi. Na miezi miwili tu kabla ya hapo, mwezi wa Mei, Rais George W. Bush alikuwa ametia sahihi sheria ya kuongeza adhabu kwa wapiganishao wanyama.

Hapo ndipo wengine walipouliza: Je, ninyi ndio mnaosema haya?

Watu weusi wa Marekani, na khasa wazee miongoni mwao, walikumbuka mwezi wa Mei mwaka wa 1963 katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama. Huko askari polisi waliwaachia mbwa vijana na watoto waliokuwa wakiandamana kudai haki sawa, na picha za mbwa wale wakirarua nguo za watu zilizunguka dunia nzima. Walikumbuka pia kuwa mzee Byrd huyuhuyu alipokuwa kijana alikuwa katika chama cha Ku Klux Klan, chama cha kuwatisha na kuwatesa watu weusi. Na kuwa mwaka wa 1964 alisimama katika Seneti akasema kwa zaidi ya saa 14 mfululizo ili kuizuia sheria ya haki za raia. Basi wakasema: Aliyekuwa hapo hakuwaonea huruma watu, leo machozi yake juu ya mbwa yatoka wapi?

Nasi Waislamu twakumbuka jela ya Abu Ghraib huko Iraq. Picha zake zilitoka mwaka wa 2004, na miongoni mwazo zilikuwamo za wafungwa walio uchi, na mbwa mkali mbele yao amevutwa kwa ugwe na askari wa Kimarekani. Mwaka wa 2006 askari wawili wa mbwa walihukumiwa na mahakama ya jeshi lao. Mashahidi walieleza ya kwamba wenye mbwa walikuwa wakishindana nani atamtisha mfungwa mpaka ajikojolee. Tazameni, ndugu zetu: huo nao ulikuwa mchezo na mashindano, ila aliyetiwa uwanjani alikuwa mwanadamu. Mmoja wa askari hao alihukumiwa kifungo cha siku 179. Wa pili alipewa kazi ngumu ya siku 90, bila ya kufungwa jela. Na yule aliyewatia mbwa juu ya mbwa alipata miezi 23.

Twajua ya kuwa mahakama zile ni mbalimbali na sheria zake ni mbalimbali, na mwanasheria atatuambia si halali kupima hesabu moja kwa nyingine. Sawa. Walakini moyo wa mtu aliyedhulumiwa hausomi vifungu vya sheria. Husoma siku na miezi, kisha hujua thamani aliyopewa.

Wala jambo hili si geni. Uingereza iliyapiga marufuku mapigano ya mbwa na ya majogoo mwaka wa 1835. Ilikuwa sheria njema. Kwani hata dubu na mafahali walikuwa wakifungwa kwenye mti wakatiwa mbwa ili watu wacheke. Lakini michezo hiyo iliyokatazwa ilikuwa zaidi ni ya wafanya kazi na maskini wa miji. Mabwana wenye mashamba, wenye farasi na makoti mekundu, waliendelea kumkimbiza mbweha kwa kundi la mbwa mpaka araruliwe, na hiyo ikaitwa adabu ya waungwana. Tangu mwanzo wa karne ile, kabla hata sheria haijapita, walikuwapo Waingereza wenyewe waliowaambia wakubwa wao: Mwakataza furaha za maskini na mwaacha zenu. Sheria ya kuzuia uwindaji huo katika Uingereza na Wales haikupita ila mwaka wa 2004. Baina ya mbwa wa maskini na mbwa wa bwana palipita miaka 169.

Basi wenye kulalamika wana haki katika hili, na dini yetu iliwatangulia kulisema. Katika Hadithi iliyo sahihi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mna kisa cha mwanamke wa kabila tukufu la Bani Makhzum aliyeiba. Jamaa zake waliona aibu, wakamtuma Usama bin Zaid, aliyekuwa kipenzi cha Mtume (s.a.w.), aende kumwombea. Mtume alighadhibika, akawahutubia watu, akawaeleza ya kuwa kaumu za kabla yao ziliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimpitishia hukumu. Na akaapa ya kuwa lau angeiba Fatima binti yake, naye ingempata hukumu hiyohiyo. Hii ndiyo mizani ya Uislamu. Sheria isiyomfikia ila mnyonge, hata ikiwa njema kwa maneno yake, humbomoa mwenye kuishika.

Na Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Suratul Mutaffifin, akaianza kwa onyo kali juu ya watu ambao wakijipimia wao hujaza, na wakiwapimia wenziwao hupunja. Wanavyuoni wameeleza ya kuwa kupunja huko hakuishii kwenye kibaba na pishi za sokoni. Mtu hupunja hata katika sifa, na katika lawama, na katika huruma. Anayeghadhibika kwa damu ya mbwa na akatulia kwa damu ya mtu, kwa sababu mtu yule si wa rangi yake wala wa nchi yake, amepunja. Wahenga wetu walilifupisha neno hili waliposema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Na sisi leo twaona watu ambao kwao mkuki huwa mtamu kwa mwanadamu mmoja na mchungu kwa mwingine.

Hii ndiyo haki iliyomo katika suali. Sasa na tuitazame batili yake.

Batili huingia pale mtu anapomaliza kumfedhehesha mwenye kulaumu, kisha akadhani ya kuwa kwa kufanya hivyo amemsafisha mwenye kulaumiwa. Hili ni kosa kubwa, nalo limeenea mno katika maneno ya siasa. Akiulizwa mtu juu ya ubaya wa mtu wake, jawabu yake huwa ni: Na wale je? Mbona wao hamkuwasema? Lakini mbwa aliyezamishwa majini huko Virginia hakupanda meli kwenda Iraq. Hakuwa mwanachama wa chama chochote. Unafiki wa Seneti nzima haumpunguzii mateso yake hata tone moja, wala haumpunguzii aliyemzamisha dhambi yake hata chembe. Aliyekosa amekosa, na anayemlaumu hali naye ana kosa lake, amekosa kwa upande wake. Ni makosa mawili, na kila moja litasimama peke yake mbele ya Mwenyezi Mungu.

Ama hukumu ya kupiganisha wanyama katika dini yetu, haina shaka. Imepokewa kwa Ibn Abbas, katika Abu Daud na Tirmidhi, ya kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuwachochea wanyama wapigane. Wanavyuoni wa Hadithi wamesema juu ya isnadi yake, lakini maana yake ina nguvu kwa Hadithi nyingine zisizo na maneno. Abdullah bin Umar aliwapita vijana waliomfunga kuku wakimlenga mishale kwa mchezo. Walipomwona walitawanyika, naye akawakemea, akawaeleza ya kuwa Mtume amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Kama laana imempata anayemlenga kuku, vipi atasalimika anayewafuga mbwa miaka miwili na mitatu, akawafunza uadui, kisha akawatia katika uwanja wararuane ili yeye apate dau?

Mchezo huu umekusanya haramu tatu pamoja. Ya kwanza ni kumtesa kiumbe asiyeweza kusema wala kukimbia. Ya pili ni kamari, ambayo Mwenyezi Mungu ameiharimisha katika Suratul Maida, akaitia katika matendo ya Shetani. Na ya tatu, nayo ndiyo watu wasiyoiona, ni kuuzoeza moyo. Mtoto anayeletwa kutazama damu ikimwagika, na baba yake anapiga makofi, atajifunza kuwa maumivu ya mwingine ni furaha. Leo ni mbwa. Kesho moyo huo hautauliza tena ni nani aliyemo uwanjani. Askari wa Abu Ghraib hawakuzaliwa na nyoyo zile. Kila ukatili una chuo chake, na watazamaji ni wanafunzi wake. Ndiyo sababu mwaka wa 2014 sheria ya Marekani ilikwenda mbele, ikamfanya hata mtazamaji wa mapigano ya wanyama kuwa mkosa.

Hapa kuna ndugu zetu watakaosema: Lakini huyu ni mbwa, naye ni najisi. Hili nalo yafaa tulieleze, kwani sisi watu wa pwani tu wafuasi wa Imam Shafii, na katika madhehebu yetu najisi ya mbwa ni nzito: huoshwa mara saba, moja yake kwa mchanga. Hiyo ni hukumu ya tohara, na twaishika. Lakini ni nani aliyetuambia ya kuwa hukumu ya tohara ni ruhusa ya kutesa? Damu ya mtu nayo ni najisi, na hakuna asemaye kwamba kwa sababu hiyo ni halali kuimwaga. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratul An'am, aya ya 38, ya kuwa wanyama wote watembeao na ndege warukao ni umati mfano wetu sisi, nao watakusanywa kwa Mola wao. Katika Suratul Kahf amemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, amenyoosha mikono yake kizingitini, akamhifadhia kutajwa kwake mpaka siku ya kiyama. Na sote twakijua kisa cha yule mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno, akapanda akamnywesha; Mwenyezi Mungu akamshukuru na akamsamehe madhambi yake. Najisi ya mbwa haikumzuia kuipata Pepo. Na mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa, utohara wa paka haukumwokoa na Moto.

Wala tusidhani ya kuwa maovu haya ni ya Wamarekani na Waingereza peke yao. Afghanistan ni nchi ya Waislamu, na kupiganisha mbwa ni mchezo wao wa zamani. Watawala wa Taliban waliukataza walipotawala mwanzo, na ulipoondoka utawala wao mwaka wa 2001 ukarudi na watu wakajaa viwanjani. Mnamo Februari 2008, karibu na mji wa Kandahar, mamia ya watu walikuwa wamekusanyika kutazama mbwa wakipigana. Mtu mmoja akajilipua katikati yao, wakafa watu zaidi ya 80. Zingatieni jambo hili, ndugu zetu. Waislamu wamekusanyika juu ya haramu, na Mwislamu mwenziwao akaja akaua watu themanini na zaidi kwa mara moja. Ikiwa Wamarekani tumewauliza iko wapi huruma yenu kwa mwanadamu, basi sisi tutajiuliza nini hapo? Mwenye kucheka unafiki wa mwenziwe na asitazame nyumbani kwake, huyo ndiye nyani asiyeona kundule.

Na nyumbani kwetu hapa, je? Katika mitaa yetu mbwa akipita vijana humwokotea mawe, na wazee waliokaa barazani hutazama wasiseme neno, kama kwamba kumpiga mbwa ni katika nguzo za dini. Majogoo hupiganishwa uani kwa senti za watoto. Punda hutwishwa mawe ya matumbawe na mifuko ya saruji mpaka mgongo ukachubuka, kisha hupigwa kwenye kidonda kilekile. Imo katika Abu Daud khabari ya ngamia aliyelia alipomwona Mtume (s.a.w.) katika shamba la mtu wa Ansari, Mtume akamfuta machozi, akamwita mwenyewe, akamwonya amche Mungu juu ya mnyama huyo, kwani alikuwa akimtia njaa na kumchosha. Sisi tunayasoma haya Ramadhani kwa Ramadhani. Walakini mwaka wa 1987, waliofungua mahali pa kuwatibu punda bure katika mji wa Lamu, mji wa wanavyuoni na masharifu, walikuwa ni jamii ya hisani kutoka Uingereza. Tukitaka kuwacheka watu hao kwa unafiki wa wakubwa wao, kwanza na tuone haya kwa kuwa wao walifanya kazi tuliyoamrishwa sisi.

Yako mambo mawili zaidi katika kisa hiki, na yote mawili yahusu toba.

La kwanza ni la mkosa. Vick alimaliza kifungo chake mwaka wa 2009, akarudi mchezoni na timu ya Philadelphia. Wengine hawakukubali kabisa. Mwaka wa 2010 Rais Barack Obama alimpigia simu mwenye timu ile, akamsifu kwa kumpa mtu aliyefungwa nafasi ya pili, na hapohapo ikaelezwa kuwa Rais anayalaani makosa yenyewe. Ghadhabu ikawaka upya. Mtangazaji mmoja wa televisheni alisema ya kwamba Vick angestahili kuuawa. Baadaye akakiri ya kuwa alipita kiasi. Lakini Vick mwenyewe alikuwa akienda katika shule na mitaa kuwaonya vijana wasipiganishe mbwa, na mwaka wa 2011 alikwenda mpaka Washington kuiunga mkono ile sheria ya kuwakataza watazamaji. Ya moyoni mwake Mungu ndiye ajuaye. Sisi twajua haya: adhabu ikisha kutimizwa, na mtu akafanya matendo ya kutengeneza alichokiharibu, si haki kumfunga mara ya pili kwa ndimi.

La pili ni la mwenye kulaumu. Mzee Byrd, aliyefariki mwaka wa 2010, alikiri mara nyingi hadharani ya kuwa kuingia kwake katika Ku Klux Klan lilikuwa kosa kubwa la maisha yake, akaomba msamaha. Na mwaka wa 2002, vita vya Iraq vilipopigiwa kura, alikuwa katika wachache waliovipinga kwa nguvu. Basi kumwita mnafiki siku ile, kwa jambo alilolitubia, nako kulikuwa ni kupunja kipimo. Mnafiki ni yule asemaye lililo jema hali akiendelea kufanya lililo baya na akilificha. Aliyekosa jana, akatubia, na leo akasema kweli, huyo hafai kuitwa mnafiki. Tukimnyamazisha kila aliyewahi kukosa, hapatasalia mtu wa kukataza ovu duniani.

Basi tujibu suali letu. Je, tuwaambie wanyamaze? La. Mtu mwenye unafiki akisema neno la haki, twalichukua neno, na twamdai yeye alitimize kwa ukamilifu wake. Haifai tumwambie: Acha kumhurumia mbwa kwa kuwa hukumhurumia mtu. Tumwambie: Umeanza vyema kwa mbwa, sasa ipeleke huruma hiyohiyo kwa mfungwa, na kwa mtu mweusi, na kwa yatima wa Iraq. Dawa ya kibaba kilichopunjwa ni kukijaza, wala hakuna mwenye akili anayekimwaga.

Na sisi wenyewe tujipimie kwa pishi hiyohiyo. Wakati wa siasa unapofika, mji huu hugawanyika. Mtu wetu akila mali ya umma twasema ni maadui wanamsingizia. Mtu wa upande wa pili akifanya hilohilo twataka afungwe. Mgombea hupanda jukwaani akalaani kamari na ulevi wa vijana, na jioni yake hugawa fedha asizotaka kuulizwa zimetoka wapi, na sisi twazipokea. Halafu twamsoma Mutaffifin katika sala ya Isha! Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 8, ya kuwa kuchukia kwetu kaumu kusitupeleke tukaacha uadilifu. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tusimame kwa haki hata ikiwa juu ya nafsi zetu, na wazazi wetu, na jamaa zetu. Aya mbili hizi ni kama sahani mbili za mizani moja: ya kwanza yakataza kumdhulumu adui, na ya pili yakataza kumpendelea wa kwetu. Mwenye kushika moja akaacha nyingine, mizani yake imelala.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu mambo yaliyo mepesi kutenda. Kila mara mtu atakapoghadhibika kwa ovu la mtu wa mbali, na ajiulize kabla hajasema: Lau angelifanya hili ndugu yangu, au kiongozi niliyempigia kura, ningalisema nini? Ikiwa jawabu ni moja, na aseme wala asiogope. Ikiwa majawabu ni mawili, na aanze kwa kuirekebisha nafsi yake, kisha aseme. Na mzee aliyeko barazani, akimwona mtoto ameshika jiwe kwa ajili ya mbwa apitaye, na amwite kwa upole, amweleze kisa cha yule mtu wa kisimani. Mwenye punda na ampunguzie mzigo leo hii. Mwenye majogoo ya kupigana na ayaache yawike tu, yawaamshe watu kwa sala ya Alfajiri.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye huruma kwa kila ulichokiumba, na waadilifu kwa tunayempenda na tusiyempenda. Tukinge na ulimi usemao yasiyotendwa na mkono, na jicho liyaonalo makosa ya watu likafumbika kwa makosa yetu. Wasamehe waliokosa wakatubia, na watie nguvu wanyonge waliodhulumiwa, wanaosema na wasiosema. Amin.

Wabillahi tawfiq.